Mizizi yenye njaa haichagui: namna ya kutumia lishe ya udongo kuzuia metali nzito kwenye mboga

Kwa miaka mingi mabonde ya Msimbazi na Sinza yameilisha Dar es Salaam mboga za majani: mchicha, matembele, chainizi, figili. Mwaka 1999 watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kandokando ya mito hiyo miwili, wakitafuta metali za kadimi, risasi, shaba na zinki. Tangu hapo swali halijaondoka midomoni mwa watu: mboga za bondeni zina sumu? Mnunuzi hujibiwa kirahisi, anaambiwa asinunue. Mkulima hajibiwi chochote, kana kwamba tuta lake likishachafuka hana la kufanya zaidi ya kuhama.

Analo la kufanya. Siwezi kukuahidi kwamba mbolea itasafisha udongo, kwa sababu metali haiozi wala haichomeki. Lakini kiasi cha metali kilichomo ardhini na kiasi kinachoingia kwenye mmea ni vitu viwili tofauti, na katikati yake imesimama lishe ya udongo. Matuta mawili yanaweza kuwa na kadimi ileile, moja likatoa mchicha wenye kadimi nyingi kuliko jingine, kwa sababu tu moja lina njaa ya zinki na uchachu mwingi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa bustani ya mjini, ila kanuni zake zinamfaa pia aliye jirani na machimbo ya Geita au Migori, au na viwanda vya kuyeyushia shaba vya Lubumbashi.

Kwanza elewa mlango

Mzizi hunywa maji pamoja na madini yaliyoyeyuka ndani yake, na kila aina ya madini hupita kwenye mlango wake katika utando wa mzizi. Shida ni kwamba mlango hautambui jina, unatambua umbo na chaji. Kadimi imefanana na zinki, na pia na chuma na manganizi, kiasi cha kupita kwenye milango yao. Mmea ukikosa chuma hujenga milango mingi zaidi ya chuma ili uipate hata ile kidogo iliyopo, na kadimi huingia humohumo. Ndiyo maana nasema mizizi yenye njaa haichagui.

Aseniki ina njia yake. Katika udongo mkavu wenye hewa hujifanya fosfeti na kupita mlango wa fosforasi. Katika jaruba lililofurika maji hubadilika umbo, na kwenye mpunga hupita mlango wa silika. Risasi ni tofauti kabisa: hunata kwenye kuta za nje za mzizi na kidogo tu ndiyo hupanda kwenye majani. Ukikuta risasi nyingi kwenye jani la mchicha, aghalabu ni vumbi na matope yaliyorukia jani, haikupitia mzizi. Zebaki nayo huingia kwenye majani zaidi kutoka hewani, hivyo bustani iliyo karibu na mahali wanapochoma dhahabu ya zebaki hailindwi na mbolea yoyote. Hiyo ihamishe.

Ukiijua metali yako ndipo utajua dawa yake. Atakayekuambia kuna mbolea moja inayozuia metali zote, usimpe fedha zako.

Hatua ya 1: Chunguza historia ya kiwanja

Kabla ya maabara, uliza majirani. Je, hapa palikuwa gereji? Dampo? Walivunja betri za magari? Mkasa wa Owino Uhuru, Mombasa, unatufundisha hili kwa uchungu: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi, watoto wakakutwa na risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka sita kabla ya hukumu hiyo, lakini risasi iliyoanguka kwenye udongo haifungwi pamoja na kiwanda.

Angalia pia umbali kutoka barabara kuu. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, ila risasi iliyotoka kwenye mabomba ya magari kabla ya hapo bado imo kwenye sentimita chache za juu za ardhi ya pembeni mwa barabara. Kuta zilizopakwa rangi za zamani zinazobanduka nazo ni chanzo, na vilevile majivu ya takataka za mjini.

Hatua ya 2: Pima, na ujue unachoomba

Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 0 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki safi, kisha utoe takriban nusu kilo. Usitumie ndoo ya bati wala jembe lenye kutu, utapima kutu. Sehemu unayoitilia shaka, kama palipochomwa taka, ichukulie sampuli yake peke yake.

Tanzania unaweza kuanzia kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, Tanga, au maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya ulizia KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete. Omba vitu vifuatavyo: pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka udongo ni mchachu zaidi), mboji, fosforasi, zinki na chuma kinachopatikana kwa mmea, pamoja na kadimi na risasi (na aseniki kama uko karibu na machimbo). Uliza kama kiwango cha metali ni cha jumla au ni kile kinachoweza kuchukuliwa na mmea. Cha jumla kinakuambia ukubwa wa tatizo, na hicho kingine kinakuambia kama lishe uliyoweka inafanya kazi. Ukiweza kulipia kimoja tu, mwaka wa kwanza lipia cha jumla.

Namba za kulinganishia: kwa udongo unaowekwa tope la majitaka, Ulaya imeweka kikomo cha kadimi kati ya miligramu 1 na 3 kwa kilo ya udongo, na risasi kati ya 50 na 300. Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kama kipimo cha tahadhari kwa udongo wa makazi, na mwaka 2024 ikashusha hadi 200. Kwenye mboga yenyewe, Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga mbichi ya majani.

Hatua ya 3: Rekebisha uchachu, bila kupitiliza

Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu, fanya hili. Udongo ukiwa mchachu, tindikali hung'oa kadimi, risasi na zinki kwenye chembe za udongo na kuziachia kwenye maji ambayo mizizi hunywa. Ukiinua pH kutoka 5 au 5.5 hadi karibu 6.5, sehemu kubwa ya metali hizo hurudi kushikamana na udongo. Kalsiamu ya chokaa nayo husaidia, maana hushindana na kadimi na risasi kwenye mzizi.

Kwenye udongo wa kichanga wa pwani anza na gramu 100 hadi 200 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba, sawa na tani 1 hadi 2 kwa hekta. Udongo wa mfinyanzi utataka mara mbili ya hapo. Itawanye, changanya kwa jembe hadi kina cha sentimita 15 au 20, mwagilia, subiri wiki tatu au nne kabla ya kusia mbegu. Usiiweke siku moja na urea wala samadi mbichi, naitrojeni yako itapaa hewani kama harufu ya choo.

Majivu ya kuni yanafanya kazi ileile kwa nguvu pungufu. Nasema ya kuni. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi, ya matairi au ya jalala yanaweza kukuletea risasi ileile unayoikimbia.

Kuhusu kupitiliza nina jambo nililoliona. Mama mmoja wa bondeni alisikia kwamba majivu yanafukuza sumu, akayaweka ndoo baada ya ndoo, msimu baada ya msimu. Siku aliponiita, majani machanga ya mchicha wake yalikuwa ya njano na mishipa imebaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. pH ikipita 7.5, chuma na zinki hujifungia ndani ya udongo pamoja na kadimi, mmea nao huanza kujenga ile milango ya ziada tuliyoisema. Faida yote ya chokaa inaanza kuliwa na njaa aliyoileta mwenyewe. Tulisimamisha majivu, tukamwaga mboji kwa misimu miwili, na rangi ikarudi. Yule mama hakuwa mzembe hata kidogo, alifanya alichoambiwa, kwa bidii kuliko aliyemwambia. Ndiyo maana naandika vipimo.

Ikiwa sumu yako ni aseniki, simama hapa. Yenyewe kwenye pH ya juu huelekea kulegea badala ya kushikwa. Usiweke chokaa kwa mazoea.

Hatua ya 4: Mboji na samadi

Mboji iliyoiva vizuri hushika metali kama kucha, hasa risasi na shaba, na huleta fosforasi, zinki na chuma kwa utaratibu ambao mfuko wa mbolea hauwezi. Weka kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa mara ya kwanza, takriban nusu ya ndoo ya lita 20, halafu nusu ya hapo kila msimu. Inaendelea kuoza, hivyo kazi hii haina mwaka wa kuimaliza.

Chunguza inakotoka. Mboji ya taka za sokoni zilizochanganyika na betri za tochi na mabati si mboji. Samadi ya kuku wa kisasa inaweza kuja na shaba na zinki nyingi kutoka kwenye chakula chao: kwenye bustani yenye njaa ya zinki hiyo ni baraka, lakini ukimwaga kila mwezi kwa miaka kumi utakuwa umezalisha tatizo jingine.

Hatua ya 5: Shibisha mmea zinki na chuma

Mashamba ya ngano ya Australia Kusini yalionyesha hili vizuri miaka ya 1990. Kwenye udongo uliokosa zinki, kuongeza kilo chache tu za zinki kwa hekta kulipunguza kadimi kwenye punje. Zinki ikiwepo ya kutosha, inakaa mlangoni na kadimi inakosa nafasi.

Kama kipimo chako kinaonyesha upungufu, weka zinki salfeti gramu 2 hadi 3 kwa mita ya mraba, ukiichanganya kwanza na mchanga mkavu ili ienee. Inatosha kwa misimu kadhaa. Nunua yenye lebo na cheti, kwa sababu zinki salfeti ya hovyo hutengenezwa kutokana na mabaki ya viwandani na yaweza kuwa na kadimi ndani yake. Na kama udongo wako tayari una zinki tele, kama ilivyo kwenye bustani nyingi zilizo chini ya paa za mabati ya zamani au karibu na karakana, usiongeze.

Chuma ni kigumu kurekebisha kwa kumwaga. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, ila mmea haukipati pH ikiwa juu. Shusha majivu, ongeza mboji, epuka maji yaliyotuama kwenye tuta, na mara nyingi tatizo huisha.

Salfa pia ina kazi yake ingawa haisemwi sana. Mmea huitumia kutengeneza viini vinavyofunga kadimi na kuiweka kwenye vyumba vya seli za mzizi, isipande juu. Ukiweka samadi na zinki salfeti, kwa kawaida salfa umeshaipata.

Hili halihusu mmea tu. Utumbo wa binadamu aliyepungukiwa na chuma nao hufyonza kadimi zaidi, kupitia njia zinazofanana na zile za mzizi, na kina mama wenye upungufu wa damu ndio walio hatarini zaidi. Kadimi ikifika kwenye figo hukaa miongo. Kwa hiyo tuta lenye njaa likimlisha mama mwenye upungufu wa damu, mlango umefunguliwa mara mbili.

Hatua ya 6: Fosforasi, kwa akili

Hapa watu wengi hukosea. Kwa risasi, fosforasi ni rafiki: hukutana nayo kwenye udongo na kutengeneza madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi. Kwa kadimi mambo yanageuka. Fosforasi ikizidi huminya zinki, na mmea wenye njaa ya zinki tumeshauzungumza. Isitoshe, mbolea ya fosfeti yenyewe hubeba kadimi kutoka kwenye mwamba ilikochimbwa. Miamba iliyotokana na mashapo ya bahari huwa nayo zaidi kuliko ile ya volkano, na Umoja wa Ulaya tangu Julai 2022 umeweka ukomo wa miligramu 60 za kadimi kwa kilo ya fosfeti katika mbolea hizo. Kwa aseniki, fosfeti hushindana nayo mlangoni, lakini wakati huohuo huisukuma itoke kwenye chembe za chuma ardhini na kuiachia huru, na huwezi kutabiri upande upi utashinda bila kupima.

Basi weka mbolea za fosfeti kama TSP au DAP kwa kadiri maabara ilivyoshauri, si kwa mazoea ya kila kupanda. Bustani zilizolishwa samadi miaka mingi mara nyingi hazihitaji fosforasi ya ziada kabisa.

Hatua ya 7: Naitrojeni, potasiamu na chumvi

Mbolea za naitrojeni kama SA (amonia salfeti), DAP na urea huuchachusha udongo kidogo kidogo, SA ikiongoza. Ukitia chokaa kwa mkono wa kulia na SA kwa mkono wa kushoto kila wiki mbili, unabomoa ulichojenga. Kwa kukuzia mboga kwenye ardhi yenye mashaka, chagua CAN (kalsiamu amonia naitreti), na ugawanye kidogo kidogo.

Mbolea ya potasiamu iitwayo MOP ina kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya kula. Kloridi hushikana na kadimi na kuibeba hadi kwenye mzizi ikiwa imelegea. Potasiamu salfeti ni ghali zaidi lakini haina tabia hiyo. Kloridi hiyohiyo imo kwenye maji ya visima vilivyoingiliwa na bahari. Walimao pwani na kuonja chumvi kwenye maji ya kisima, hasa kiangazi, wajue kwamba maji hayo yanaweza kuipandisha kadimi hata kama udongo haukubadilika. Yapimwe.

Hatua ya 8: Panda kinachostahimili mahali pale

Mboga za majani hukusanya kadimi zaidi ya mazao ya matunda. Mchicha ni miongoni mwa wakusanyaji hodari. Kama vipimo viko katikati, si vizuri wala si vya kutisha, hamishia matuta yale bamia, nyanya, biringanya, nyanya chungu, kunde za kula punje, mahindi. Mchicha na matembele vipeleke upande safi, au kwenye matuta ya kunyanyua uliyojaza udongo safi wa sentimita 30, chini ukitandika kiroba. Figili na karoti hukaa ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo kwenye risasi ndizo za kwanza kuondolewa, na ukizila zimenywe.

Mpunga una kesi yake. Jaruba likifurika, kadimi hufungwa na salfa ardhini lakini aseniki huachiwa. Likikaushwa, mambo hupinduka. Huko Toyama, Japani, mpunga uliomwagiliwa maji ya mto Jinzu yaliyobeba kadimi ya machimbo ulileta ugonjwa wa itai-itai, mifupa ikivunjika kwa maumivu makali, na serikali ikautambua rasmi mwaka 1968. Jua ni metali ipi unayo kabla hujachagua ratiba ya maji.

Hatua ya 9: Maji, vumbi na kuosha

Tandaza nyasi kavu katikati ya mistari. Matandazo huzuia matope yasirukie majani wakati wa mvua au wa kumwagilia kwa keni, na kwa risasi hilo pekee linaweza kukusaidia kuliko mbolea zote zilizotajwa hapo juu. Mwagilia chini, kwenye shina. Osha mboga kwa maji ya bomba, mara mbili au tatu, kamwe usizioshe mtoni kabla ya kuzipeleka sokoni. Kuosha huondoa vumbi la risasi. Kadimi iliyo ndani ya jani haioshwi.

Na kama maji ya mto wenyewe ndiyo yanaleta metali, chokaa na mboji vinakununulia muda tu. Bila chanzo kingine cha maji, kila msimu utaongeza mzigo.

Hatua ya 10: Rudia kipimo, na ukubali kuacha

Pima pH kila mwaka. Pima metali kwenye mboga yenyewe baada ya misimu miwili, kwa sababu jani ndilo linaloliwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni moja ya mahali pa kuulizia. Ikiwa jani bado limepita kiwango cha Codex baada ya kurekebisha uchachu, zinki na mboji, acha kulima chakula hapo. Najua uzito wa sentensi hiyo kwa mtu ambaye matuta sita ndiyo ada ya watoto. Lakini wanaokula mboga ile wanakula kila siku, na risasi haimrudishii mtoto akili iliyomchukua.

Eneo hilo bado lina kazi: miche ya miti, maua ya kuuza, nyasi za kupamba uwanja. Majani ya ng'ombe usilime, metali itarudi kupitia maini na figo zake. Funika udongo muda wote usiwe vumbi, endelea kuweka chokaa ili metali isitembee hadi kwenye kisima cha jirani, na uandike kwenye daftari tarehe na namba za kila kipimo, ili atakayeshika jembe baada yako asianze kwa kubahatisha.